Turubai la Pikipiki ya Baba Bonge

Jumanne, 4 Machi

Leo nimepiga vigelegele mpaka Bonge akalia. Baba yake amepata kazi! Shule ya chekechea kule juu, karibu na tangi la maji, inataka mtu wa kubeba watoto sita kila asubuhi. Mwalimu mkuu kamchagua yeye. Anaanza Jumatatu. Asante Mungu! Hakuna tena kushinda kijiweni akisubiri abiria mpaka midomo inampasuka kwa jua.

Lakini huyo mama mwalimu ana masharti. Saa kumi na mbili na nusu kamili awe getini, na kiti kiwe kikavu. Aliyewabeba mwanzo kafukuzwa, watoto walikuwa wanafika wameloa makalio, wanakaa darasani wanatetemeka. Jumatatu mwalimu mkuu atatoka na kitambaa cheupe, apanguse kiti kwa mkono wake mwenyewe. Kitambaa kikiloa, kazi hakuna.

Na pikipiki yetu inalala nje! Ni ile ya matairi matatu, ina paa na kiti kirefu nyuma, lakini ubavuni iko wazi. Mvua inaingia kama inaingia kwao. Mwezi huu inanyesha kila alfajiri. Sponji inakunywa maji, plagi inaloa, Baba Bonge akipiga stati inakohoa kama babu mwenye pumu. Juzi imekubali kuwaka saa tatu, abiria wake wote wameshabebwa na wengine.

Kasema Jumamosi atatafuta turubai la kuifunika, mimi nisihangaike, nina mtoto. Nikasema sawa. Moyoni nikasema sawa nyingine. Mtu anaamka gizani kwa ajili yetu, na mimi nisimfanyie hata jambo moja? Nitalishonesha mimi. Kwa siri. Ashangae!

Mama Pacha wa mlango wa pili ameshajua tunataka turubai, sijui nani kamwambia. Mume wake naye ana ya matairi matatu. Kila jioni Mama Pacha anaifunika kwa turubai lao la rangi ya fedha, anakaza mikanda polepole huku anaangalia mlango wetu. Leo kaniita mdogo wangu, kanipa mawaidha ya bure. Nipime vizuri. Liwekwe matundu ya hewa. Na tusifunike kamwe kabla bomba la moshi halijapoa. Nimemshukuru sana. Sijashika hata moja. Anaongea kana kwamba alizaa watatu, wale pacha na pikipiki.

Jumatano, 5 Machi

Nimepima!

Baba Bonge amekuja kula mchana, akajilaza mkekani, Bonge juu ya tumbo lake, wote wawili midomo wazi. Nimewaangalia kidogo, nikashukuru, nikatoka kwa ncha za vidole.

Futi hatuna. Kamba ya kuanikia ilikuwa na nguo. Nikachomoa mipira ya viunoni kwenye sketi zangu tatu, nikaiunga ikawa mmoja mrefu. Taa ya mbele mpaka nyuma kabisa, fundo. Juu mpaka chini, fundo. Ubavu mpaka ubavu, fundo. Niliuvuta kwa nguvu zote ili vipimo visilegee. Kazi safi kabisa! Sketi sasa natembea nimezishika kwa mkono, lakini ni kwa muda tu.

Mama Pacha kachungulia, akauliza napima nini. Nikamjibu napima jua. Sijui kwa nini nimesema jua. Akatazama juu, akarudi ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa maturubai, yule wanayemwita Mkasi, banda lake liko nyuma ya wauza mbao. Nimempelekea hela yangu ya kusuka. Kichwa nimekifunga kitambaa, hakuna atakayejua.

Mkasi kauliza nafunika nini. Nilipomwambia, akawaita wenzake waje wamwone mwanamke anayemshonea gauni mke mwenza. Wakacheka! Mmoja akauliza mke mwenza mwenyewe anavaa saizi gani. Nikajibu ana matako makubwa kuliko mama zenu. Wakaniheshimu.

Kuchagua sasa, jamani. Kwanza kuna turubai zito la kijani, la kufunikia malori, halipitishi maji lakini kulinyanyua unahitaji wanaume wanne. La pili ni la fedha lenye kitambaa laini ndani, kama la Mama Pacha. Hilo sitaki hata kulishika. Halafu nikaiona nailoni ya bluu. Inang'aa! Nyepesi kama khanga! Mkasi akanionya kuwa nailoni ikifunika chombo usiku inatoa jasho ndani, kwa hiyo lazima aweke matundu ya hewa yenye vikofia, na matundu yana bei yake. Nikamwambia kaka yangu, mtu ananunua nguo mpya halafu alipe itobolewe? Akanitazama. Nikamwambia asitoboe.

Aliomba vipimo. Alikuwa kainamia cherehani, kanipa mgongo, akanirushia futi. Nikalaza mpira wangu juu ya futi, vizuri, umetulia, nikamtajia namba fundo kwa fundo. Akauliza kama nina uhakika, mbona pikipiki yenyewe ndogo. Nikamwambia mume wangu mwenyewe si mkubwa sana.

Nashukuru Mungu kwa akili alizonipa.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa.

Turubai nimelichukua, zuri linateleza. Mchana Baba Bonge kalala, nikatoka kulijaribu. Limefunika taa, usukani na kiti cha dereva. Basi! Nyuma yote iko nje, kama mtu mzima aliyevaa shati la mwanawe. Nimevuta huku, limeachia kule. Nimevuta kule, limenirukia usoni.

Nimerudi kwa Mkasi mbio, Bonge mgongoni anaona ni mchezo, anacheka. Nikamwambia Mkasi kaniibia kitambaa. Akasema nimletee hicho nilichopimia. Nikampa. Akakishika ncha mbili, akavuta, kikaenda. Akaachia, kikarudi. Akavuta tena. Akakaa chini kwenye vipande vya kitambaa, akacheka mpaka machozi, akaomba maji.

Na mimi machozi yalinitoka, ila yangu si ya kucheka. Nikamwambia habari ya Jumatatu, watoto sita, kitambaa cheupe. Akasema dada, kaa. Akaniletea mwavuli mkubwa wa biashara uliovunjika mbavu, wenye mistari myekundu na myeupe, akasema nifumue mimi yeye aunge. Nimefumua mpaka vidole vimekufa ganzi. Safari hii kabla ya kuunga alinifuata mwenyewe mpaka nyumbani na futi ya chuma, kapima pale mlangoni Baba Bonge bado anakoroma ndani, ndipo tukarudi akaunga marinda kuzunguka chini. Hela ya pili hakutaka. Kasema kicheko kile ni cha mwezi mzima.

Dunia ina watu wema. Turubai sasa linaonekana kama gauni la sherehe, juu bluu chini mistari. Nimelificha chini ya kitanda.

Jumamosi, 8 Machi

Nilisahau kuwa leo ndiyo Baba Bonge anakwenda kununua turubai!

Kaamka, kavaa viatu, anapiga mluzi. Nikaona siri yangu inakufa. Nikafanya jambo la kwanza lililonijia kichwani. Nikashika tumbo, nikajikunja sakafuni, nikasema uuuwi.

Nilidhani atakaa nyumbani tu aniangalie. Sivyo! Kaninyanyua mimi na Bonge kwa pamoja, katupakia nyuma, kakimbiza pikipiki mpaka zahanati, kwenye kila shimo anageuka kuuliza kama niko hai. Nilitaka kumwambia ukweli, lakini jasho lilikuwa linamtoka mtu wa watu, nikaona aibu. Tumekaa benchi mpaka alasiri. Nesi kaniminya tumbo, kauliza linauma wapi, nikasema huku, akaminya tena, nikasema kule. Akanipa dawa ya minyoo na jicho kali. Nimeitafuna mbele yake. Chungu! Lakini minyoo kama ilikuwepo nayo imekwisha, kwa hiyo asante.

Tumerudi jioni. Baba Bonge kaegesha, kaingia kuoga. Nikasema ndiyo sasa! Nikalitoa turubai chini ya kitanda, nikalitandaza, nikafunga kamba, nikarudi hatua tatu kulitazama. Lilikaa! Lilimkaa mke mwenza vizuri kabisa!

Halafu harufu. Kama mtu anachoma sahani ya plastiki.

Bomba la moshi lilikuwa bado la moto. Nailoni imeyeyuka juu yake, inadondoka kama uji. Nimepiga kelele. Baba Bonge katoka na taulo, povu kichwani, akalinyakua turubai akalirusha pembeni. Tundu! Kubwa kama sahani ya kulia wali!

Nikamwambia yote pale pale. Mpira, mwavuli, tumbo. Hata jua.

Sikuogopa kupigiwa kelele, hana tabia hiyo. Niliogopa uso wake. Kanishika mikono kwanza, kaigeuza geuza, anatafuta kama nimeungua. Halafu ndiyo akakaa kwenye kizingiti, povu linamkaukia, akasema kwa sauti ndogo kuwa kesho Jumapili mabanda yote yanafungwa. Akasema pia kuwa nikiumwa kweli siku nyingine, nimwambie ni kweli.

Hilo limenichoma kuliko nailoni.

Jumapili, 9 Machi

Wingu jeusi tangu asubuhi. Baba Bonge kaiegesha pikipiki ikibana ukuta, kaanza kuitandikia magunia. Magunia yenyewe yana matundu kuliko turubai langu. Hakunilaumu hata kwa jicho. Afadhali angelaumu.

Nikapanga mpango. Nitakwenda kwa Mama Pacha, nimwambie turubai lake lina vumbi na mimi kwa upendo tu nataka kumfulia. Likishakuwa kwangu, nitasema halijakauka mpaka Jumatatu mchana.

Nimeongea maneno mawili tu. Kaniambia mdogo wangu, sema unachotaka, usinizungushe, pacha wanataka kula.

Nikasema. Nililia kidogo. Yeye alicheka kidogo. Akasema la kwake hawezi kulivua, mume wake pia anafanya kazi kesho. Ila nilete hilo la kwangu alione.

Kaligeuza, kaingiza kichwa kwenye tundu, akanitazama kupitia humo. Aliuliza Mkasi alinitoza kiasi gani kutoboa matundu ya hewa. Nikasema nilikataa. Akasema basi nimepata bure, tena mahali pake hasa, nyuma, chini, mvua haipigi hapo. Nailoni isiyo na tundu ingetoa jasho usiku kucha, sponji ingeloa hata bila mvua!

Kachukua mkasi, kakata kingo zilizoungua, kashona kikofia cha kipande cha mwavuli juu ya tundu ili maji yateremke hewa ipite. Pacha mmoja alikuwa kakaa juu ya mguu wake muda wote. Jioni kaja mwenyewe. Akaweka kiganja karibu na bomba, akasubiri, akaweka tena. Akanivuta mkono wangu nami nisikie baridi. Ndipo tukafunika. Kakaza kamba kwa fundo ambalo sijawahi kuliona, taratibu, kama anamfunga mtoto mgongoni.

Mwaka mzima nimemsema huyu mwanamke. Mungu anisamehe, na ambariki yeye na pacha wake, hata yule mmoja anayeng'ata watoto wa wenzake.

Jumatatu, 10 Machi

Imenyesha! Imenyesha kama wamefungua bomba huko juu! Nilikuwa macho tangu saa tisa, nahesabu matone.

Saa kumi na mbili kasoro mvua imekatika, Baba Bonge kafungua fundo. Nimeingiza mkono mimi wa kwanza. Kikavu! Kikavu kama unga! Akapiga stati. Mara ya kwanza! Haikukohoa! Bonge kapiga makofi, Mama Pacha kapiga makofi dirishani, mimi nimemkumbatia mume wangu hadharani na sketi nikaiachia, bahati ilikuwa bado kiza.

Amerudi saa mbili. Kasema mwalimu mkuu alipangusa kiti chote, na chini ya kiti, na juu ya paa, kitambaa kikabaki kikavu na cheupe. Watoto sita, wamekaa wanaimba. Kazi ni yetu. Kasema turubai lile ndilo lililotuokoa, akanipa andazi lake nusu. Nusu kubwa.

Sina la kuomba tena.

Jumatano, 12 Machi

Nimefikiria sana, na nimeona kuwa kila kitu kilikwenda vizuri kwa sababu nilikifanya mwenyewe na kwa siri.

Sasa mwalimu mkuu anataka pikipiki ipakwe mstari wa manjano ubavuni, wazazi waitambue, mwisho Ijumaa. Baba Bonge kasema kesho ataipeleka kwa mpaka rangi, mimi nisihangaike. Nikasema sawa.

Nimenunua kopo. Muuzaji kanieleza kuwa rangi hii inataka siku nzima kukauka, na kwamba nijaribu kwanza kwenye kipande cha bati. Kijana mzuri, nimemshukuru sana. Ataniambia nini mimi niliyeshonesha turubai?

Baba Bonge amelala mchana. Ubavu wa kulia nimemaliza, umenyooka kiasi. Bonge amenisaidia. Nimepumzika kivulini niandike haya kabla sijaenda ubavu wa pili.

Ameamka. Katoka na shati lake jeupe la kazi ya shule, kaegemea pikipiki ubavu ule ule wa kulia, anauliza mtoto kapata wapi mkono wa manjano. Nashukuru Mungu ameanza kuuona mkono wa mtoto. Mgongo wake hawezi kuuona mwenyewe.