Silabi ya Krete Kwenye Fulana za Kwaya

Jumatatu, 2 Juni 2025. Louisville.
Kumbe! Mapumzikoni pale ghalani ninapofanya kazi nimegundua kwenye simu maandishi ya kale ya Krete, yaliyochorwa kwenye udongo zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Kila alama ni silabi: ma, tu, ni. Kama Kiswahili kabisa! Kwaya yetu inaitwa Ni Yeye, na fulana za safari ya kuimba Buffalo hazina nembo. Zihindula, mpiga gitaa, amechora njiwa. Njiwa gani yule? Kuku! Nimemtumia kiongozi wetu, Mama Nyirangabo, ile "ni". Nimesema ni alama ya watakatifu. Watakatifu au wauza mafuta, nani atajua?

Jumatano, 4 Juni.
Amekubali! Zihindula kanuna. Akauliza alama ya udongo iliingiaje kwenye simu. Swali limenikaa kichwani kama mwiba. Nikampigia Cleopas, Mkenya anayesoma Columbus. Akaeleza kwamba wataalamu wameipa kila alama namba yake. Simu hutuma namba tu, inayopokea ndiyo huchora. Ajabu! Hata wafu wa Krete wana namba! Akaongeza kwamba kifaa kisichoijua alama huonyesha kisanduku kitupu, kwa hiyo nimtumie mchapaji picha. Wakenya kwa maneno! Nimemtumia Hyacinthe, mchapaji wa Reynoldsburg, jirani na Columbus, kwa ujumbe wa kawaida.

Ijumaa, 6 Juni. Reynoldsburg.
Tumepitia fulana njiani. Visanduku! Kila kifua, kisanduku kitupu! Hyacinthe anaapa ndicho alichopokea. Alidhani ni dirisha la mbinguni. Mama Nyirangabo akanitazama: "Bon, Balagizi. Donc, watakatifu iko wapi?" Nikasema wamo ndani. Hakucheka mtu. Kaninyang'anya solo. Solo niliyoifanyia mazoezi tangu Pasaka! Cleopas, aliyekuja kutusalimia, akachochea moto: ile "ni" ikikaa peke yake, Wakrete walimaanisha tini. Zihindula akauliza kama ni za ule mtini alioulaani Yesu.
Nimenunua kalamu ya wino. Garini nimechora "ni" ndani ya kila kisanduku, Zihindula akinivutia kitambaa kikaze. Sijui kwa nini amenisaidia.

Jumamosi, 7 Juni. Buffalo.
Jasho la wimbo wa kwanza, wino wote umechuruzika. Zihindula kaimba solo yangu. Kaimba vizuri, ndiyo inauma. Lakini mchungaji mmoja wa hapa, aliyeiona alama kabla ya jasho, alinivuta pembeni, akataka kujua imetoka wapi. Nikammiminia Krete yote, namba zote. Sasa anataka jina la kanisa lake kwa silabi hizo, kwenye bango kubwa la barabarani! Mchapaji wake kaomba mfano. Nimeshautuma. Kwa ujumbe wa kawaida. Picha zinajaza simu.