Mpira Mweusi wa Bonde la Crowder

Jumatatu, 19 Novemba

Nimegundua kitu! Mpira mweusi, mwembamba kama wa kumwagilia bustani, umelazwa kukata barabara ya vumbi pale pale tunapoingilia Bonde la Crowder. Juzi haukuwepo. Ncha moja imepigiliwa chini. Nyingine imeingia kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Hakina jina wala bendera. Kina kufuli. Nani anafunga kufuli jangwani, kumzuia nani, sungura?

Nikajilaza kifudifudi nikaunusa. Harufu ya mpira mpya. Nikakitegea kisanduku sikio. Kimya.

Lazima ni jeshi. Kambi yao ng'ambo ya vilima inataka kujitanua, na imekodolea macho nusu nzima ya magharibi ya bonde letu: miamba tunayopanda kwa magari yetu ya jipu, na ziwa kavu. Wanadai huku haji mtu. Haji mtu! Klabu yetu inapiga hema huku kila Sikukuu ya Shukrani tangu mimi nina nywele. Alhamisi ya wiki ijayo kuna kikao cha wananchi mjini, na hapo ndipo litaamuliwa.

Wengine watakosa burudani tu. Nadine atakosa kila kitu. Macho ya mke wangu yanafifia, na leseni walimnyang'anya tangu majira ya kuchipua. Mahali pekee anapoweza kushika usukani ni pale ziwani, ambako hakuna gari, mti wala polisi wa kugongwa. Ziwa likienda, basi tena.

Jioni nikampigia Curtis Oberholt, mwenyekiti wa klabu, mtu anayepiga pasi shati la kwendea jangwani. Nilipoutaja mpira akashtuka. Akasema, "Delmer, nakuomba, mara moja tu katika maisha yako, kitu usikiguse." Nikamuuliza kwa nini. Akageuza maneno, akanipa kazi ya kuelekeza magari ya wageni sikukuu hii. Kupika maharage ya pilipili sipewi tena. Watu wana kinyongo! Waliumwa matumbo tu, na wote walipona.

Lakini kwa nini ashtuke?

Jumanne, 20 Novemba

Uchunguzi. Nimeukanyaga mpira: hakuna kitu. Nimeurukia kwa miguu miwili: kisanduku kikasema *tik*! Nikarusha jiwe. *Tik.* Nikapitisha toroli la Nadine la bustani, kwenda na kurudi. *Tik, tik.* Nikapitisha jipu. *Tik* magurudumu ya mbele, *tik* ya nyuma. Nilicheka peke yangu kama mtoto. Mashine tamu sana ile, laiti isingekuwa ya adui.

Kwa sababu mambo sasa yako wazi. Jeshi linarekodi nani anaingia bondeni na saa ngapi, ili lijue tunapokuwa hatupo, lije lizungushe ua. Sisi tukirudi na hema zetu, tunakuta geti na askari.

Nadine alisema huenda ni kitu cha kawaida tu, kwa nini nisipige simu ofisi ya ardhi ya umma nikauliza. Masikini, ana moyo safi. Jasusi haulizwi.

Nina mpango. Wageni wote nitawapitisha korongoni, kule kwenye mchanga, wauzunguke mpira. Jeshi halitapata hata *tik* moja! Mishale nitaichora kwenye sahani za karatasi na kuzigongomea vijitini, kama klabu zote zinavyofanya. Nimechukua sahani zote zilizokuwa kabatini.

Jumatano, 21 Novemba

Ushindi! Magari yamemiminika tangu alfajiri: majipu, malori yenye pikipiki mgongoni, familia na mbwa zao. Sijawahi kuona bonde limejaa hivi. Wote nimewapitisha korongoni. Waliouliza sababu niliwanong'oneza: kile kisanduku ni cha jeshi, kinasoma namba za magari. Kuhusu namba niliongeza chumvi kidogo. Kufikia mchana habari ilinirudia ikiwa imenenepa. Bibi mmoja kutoka Barstow alinieleza mimi, mimi mwenyewe, kwamba ukipita juu ya mpira unaletewa faini nyumbani. Nikamshukuru kwa taarifa.

Curtis alifika na lile gari lake la kulala, refu kama basi, likazama mchangani hadi kwenye ekseli. Nikalivuta kwa winchi ya jipu langu, polepole, watu wote wakitazama. Aliniuliza kwa nini barabara nzuri imefungwa. Nikasema ni sababu za usalama. Akasema, "Usalama wa nani, wewe mzee?" Mchanga ulikuwa umemjaa hadi masikioni, nadhani ndiyo maana sauti ilimpanda.

Akaenda zake kuoga. Mpira haujaguswa hata mara moja. Una vumbi juu yake, mzuri, umelala.

Alhamisi, 22 Novemba

Sikukuu. Bata mzinga alikaangwa mzimamzima kwenye pipa la mafuta, akatoka wa dhahabu. Tukamla kwenye vifuniko vya sufuria kwa sababu sahani ziko kazini korongoni. Nadine hakufurahi. Alisema angejua angeolewa na fundi bomba.

Lakini alasiri nikampeleka ziwani. Pale juu ni ardhi nyeupe, ngumu, bapa kabisa. Akashika usukani. Nikamwambia mbele hakuna kitu, akasema najua, ndiyo raha yake, na akakanyaga mafuta. Alipiga mayowe. Kofia yangu ilipeperuka, hatukurudi kuichukua. Aliposimamisha gari alikaa muda mrefu mikono ikiwa kwenye usukani, halafu akaniambia hapa ndipo bado yeye ni Nadine, kwingine kote ni mgonjwa wa macho. Nilijifanya natazama tairi.

Hawalichukui ziwa hili. Ng'o!

Ijumaa, 23 Novemba

Balaa. Balaa tupu.

Asubuhi limekuja gari la ofisi ya ardhi. Akashuka mama mmoja, Bi Yolanda Arce, mchangamfu, na funguo kiunoni. Akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku, akakifungua! Nikamkimbilia kumwonya kwamba ni cha jeshi. Akacheka. Akasema, "Cha jeshi wapi, baba? Hiki changu. Kinahesabu magari."

Kinahesabu magari. Jeshi linasema bondeni haji mtu, basi ofisi yake imeweka kisanduku kwenye wiki yenye watu wengi kuliko zote, ili hesabu isomwe kikaoni. Ndiyo silaha kubwa tuliyo nayo. Na aliyekiomba, kwa barua juu ya barua, ni Curtis.

Bi Yolanda akakitazama kioo kidogo cha kisanduku, akakunja uso. Akakipigapiga ubavuni. Akatazama hema zilizotapakaa hadi vilimani, akanitazama mimi. Akauliza kama watu hawa wameshuka kwa miavuli.

Ndani mna jipu langu, toroli, jiwe na miguu yangu.

Nilimfuata Curtis nikamuuliza kwa nini hakuniambia, mimi mwenzake wa miaka yote hii. Akasema, "Kwa sababu nilijua ukijua kinahesabu, utakipita kwenda na kurudi kutwa nzima, utuharibie hesabu." Nilichukizwa sana. Ananionaje?

Bi Yolanda anakuja kukichukua kesho jioni.

Jumamosi, 24 Novemba

Nimekipita kwenda na kurudi kutwa nzima.

Kwanza nilijaribu njia ya haki. Leo watu wanaondoka, si ndiyo? Wakitoka kwa kupita barabarani, wanahesabiwa. Nikang'oa mishale yote. Nikasimama njia panda nikawaambia piteni hapa, mpira hauna neno, ni wa ofisi ya ardhi, ni rafiki yetu. Wakanikonyeza! Mmoja akanibana bega akasema pole, kaka, kumbe wamekutisha. Yule bibi wa Barstow akasema wameshamnunua huyu. Wote wakakunja kona, wakateremkia korongoni kama ng'ombe wanaolijua zizi. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka.

Ningefanya nini? Nikachukua jipu. Kwenda, *tik tik*. Kurudi, *tik tik*. Nilibadilisha kofia kila mara kwa ajili ya uhalisi. Nadine aliniletea chai akauliza kama kisanduku kina macho. Nikasema hakina. Akauliza basi kofia ni za nini. Huwezi kumweleza mtu asiyezijua kazi hizi.

Curtis alipita, akasimama, akanitazama nikienda na kurudi. Hakutukana hata kidogo. Alivua kofia, akajifuta uso, akaenda. Ningependelea matusi.

Alhamisi, 29 Novemba

Kikao. Ukumbi wa shule ulijaa hadi mlangoni. Nilikaa nyuma ya mtu mnene.

Afisa wa kambi alizungumza kwanza, kijana mwenye adabu za kuudhi. Hata nilitaka kumpenda. Akasema jeshi linahitaji nafasi ya mazoezi na bonde halitumiki. Ndipo Bi Yolanda akasimama na hesabu yake. Akasoma kwamba wiki nzima ya sikukuu yaliingia magari ya kuhesabika kwa vidole. Halafu Jumamosi, toka asubuhi hadi giza, gari moja lilipita juu ya mpira bila kupumzika, na kwa jinsi lilivyokuwa likigonga, ekseli ya nyuma imechoka. Akasema ofisi yake imeshindwa kuelewa ni mnyama gani.

Ukumbi uliangua kicheko. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilivaa buti zisizo na kamba.

Kisha nikasikia kiti kikisogea ubavuni mwangu. Nadine amesimama! Akasema mnyama huyo ni mume wake. Akaeleza yote, kuanzia sahani. Akasema ana moyo wa dhahabu na kichwa cha boga, na kwamba kosa ni la familia, basi waacheni wengine. Kisha akaeleza habari ya macho yake na ziwa. Hakulia. Alisema tu kwamba kuna mambo machache mtu bado anaweza kuyafanya mwenyewe, na yeye kwake limebaki hilo moja. Yule afisa akaitazama meza.

Curtis akasimama, akasema yeye binafsi alizama korongoni na yuko tayari kuapa. Wakasimama wengine. Ukumbi mzima ulizama korongoni, inaonekana.

Msimamizi wa kikao akapigapiga meza. Akasema hesabu hii haifai kitu, itarudiwa Pasaka, na mpaka hapo bonde libaki wazi kama lilivyo. Jeshi lingoje.

Lingoje! Hebu fikiria. Kama watu wangepita juu ya mpira kama kondoo, mambo yangeamuliwa leo, na nani ajuaye yangeamuliwaje? Nimelipatia bonde majira yote ya baridi. Njiani nilimweleza Nadine hivyo. Alisema niangalie barabara.

Jumanne, 4 Desemba

Naandika nikiwa ndani ya jipu, katikati ya ziwa. Ngoja nieleze.

Ijumaa mvua ilinyesha. Jana jioni nilikuja kukagua ziwa, nikakuta juu pamekauka vizuri. Lakini nikakuta pia vijiti! Vijiti vyenye utepe wa rangi ya chungwa, inayowaka kabisa, mistari miwili sambamba kuvuka ziwa. Wapimaji! Hata Pasaka hawakuingoja, wameshaanza kupima ua wao! Nikaving'oa vyote, kimoja baada ya kingine, nikavitia moto. Mgongo uliniuma lakini roho ilikuwa nyeupe.

Leo nikamleta Nadine kwa furaha. Akakanyaga mafuta. Hatujafika mbali, ardhi ikafunguka kama uji, jipu likakaa chini hadi milangoni. Chini ya ukoko ule mkavu kumbe ni tope tupu.

Nikamwita Curtis kwa redio ya upepo ya jipu. Akauliza tumepitaje hapo, vijiti vyake hatukuviona? Vyake! Jumapili nzima alitembea ziwani na fimbo akichomachoma ardhi, akatafuta njia ngumu, akaiwekea alama pande mbili ili Nadine aendeshe bila wasiwasi. Alimuuliza Nadine baada ya kikao ni rangi gani bado anaiona vizuri. Nadine akamjibu ya chungwa.

Nadine amesikia yote redioni. Mikono yake bado iko kwenye usukani, na injini ilishazimika.

Nimemwambia samahani. Kweli nimemwambia, na nilimaanisha. Akasema njaa inamuuma. Nikampa nusu ya mkate wangu, kisha nikampa na nusu nyingine.

Curtis yuko njiani na winchi. Namwona, gari ameliacha kule ukingoni, anakuja kwa miguu, anapima kila hatua na ile fimbo. Mtu mwema, sikatai. Lakini nimekaa nawaza. Tope lote hili, na yeye alijua kabisa liko wapi na linaishia wapi. Alijuaje? Na ile fimbo, mbona ina kitu cheusi kwenye ncha? Akifika nitaishika kidogo, nione.