Kipimo cha Presha na Kantini ya Hospitali Kubwa

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu amekataa uhamisho. Cheo cha muuguzi mkuu, hospitali kubwa, na amekataa. Eti kantini yao mboga hazina chumvi. Nimefurahi, kisha nikaogopa. Nani anaacha cheo kwa ajili ya chumvi? Labda ananihurumia tu, mimi fundi wa vifaa wa zahanati. Lazima nijue. Nimesoma kuhusu mashine ya kugundua uongo. Haisomi mawazo, inapima mwili: mapigo ya moyo, presha, pumzi, jasho la vidole. Vipimo vya presha vibovu ninavyo tele stoo.

Jumanne, 4 Machi
Imekamilika. Kipimo mkononi, mkanda wa suruali kifuani kwa pumzi, mita ya umeme vidoleni kwa jasho. Nimeanza na shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa zahanati. Nikamuuliza kama ndiye aliyekula mkate wangu. Akakana. Moyo shwari, vidole vikavu, makombo kidevuni. Halafu akaomba chai. Hana haya mtu yule.

Jumatano, 5 Machi
Nimejipima mwenyewe. Kipimo kikabana mkono, kikagoma kuachia. Mke wangu akanikuta, akachomoa mpira, akanisugua mkono taratibu bila kuuliza lolote. Akasema tu kwamba mwili unashtuka kwa mengi: hofu, aibu, hata mapenzi. Nikamwambia ya ufundi aniachie mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia nampima presha tu. Akatabasamu, akanyoosha mkono. Jina lake: mapigo sabini na mbili. Kazi yake: sabini na mbili. Nikajikaza, nikauliza kama amebaki kwa ajili yangu. Akainamisha macho, akasema hapana, ni ile kantini. Mia na nane! Vidole vimelowa. Kisha akanifunga mimi kipimo, akanishika mkono, akauliza kama nataka chai. Mia na ishirini. Akacheka mpaka machozi, akaniegemea begani. Sikutaka ainuke. Nampenda sana mwanamke huyu, ingawa ni mwongo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari. Si kwa ajili yangu, hilo kalisema mwenyewe. Na kuhusu kantini kadanganya, mashine imethibitisha. Basi mboga zina chumvi! Jumatatu shemeji ananipeleka nikazionje, nirudi nimbane aseme kilichombakiza hapa. Nimemuaga mke wangu mapema. Ameniahidi mkate wa njiani, na amenifulia shati la kuvaa.