Bei ya Bi Mdogo

Jumatatu, 4 Machi

Leo Mama ametamka mwenyewe: Bi Mdogo auzwe.

Bi Mdogo ni gari la marehemu Baba. Jina alilitoa Mama, enzi hizo, alipoona Baba analiosha kila Jumapili na kulifunika shuka la kitandani. Akasema basi ameletewa mke mwenza asiyepika wala kuzeeka. Baba alicheka hadi akakaa chini. Jina likabaki.

Sababu ya kuuza ni macho ya Mama. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Daktari ametoa nafasi, jicho la kwanza mwisho wa mwezi huu, na malipo yatangulie. Siku hizi Mama anatujua kwa sauti na kwa jinsi tunavyoburuta ndala.

Dada ni muuguzi na anaamini kila kitu duniani kina kipimo chake. Amekwisha kuulizia huku na huku, amekagua kutu, ametoka na bei ya haki: milioni nane. Inatosha macho yote mawili na miwani juu yake. Nikamwambia hili aniachie mimi. Mimi ndiye mtoto wa kiume, mimi ndiye niliyefundishwa udereva ndani ya gari hilo, na mimi ndiye nisiye na kazi kwa sasa. Hoja ya tatu haikuwa na majibu.

Milioni nane! Anadhani tunauza friji.

Jumanne, 5 Machi

Nimefanya utafiti. Kwenye simu nimeona gari kama letu, huko ng'ambo, rangi ileile, limeegeshwa mbele ya jumba lenye bustani. Nikipiga hesabu kwa fedha zetu, ni milioni sitini. Kweli, lile lina viti vya ngozi vyote vinne, na letu lina ngozi mbele na gunia nyuma. Kweli, lile lina vifuniko vya ringi vinne na letu lina vitatu. Kwa hiyo nikapunguza, maana sina tamaa. Thelathini.

Tangazo nimeliandika hivi: "Gari la kale, adimu, lililotunzwa na mtu mmoja kwa mapenzi. Injini inanong'ona." Injini inakohoa, lakini mzee akikohoa polepole ni kama ananong'ona.

Ijumaa, 8 Machi

Simu moja tu. Aliuliza kama vyuma nauza kwa kilo.

Fundi gari wa mtaani alipita, akazunguka mara mbili, akasema saba. Nikamwuliza thelathini mtu atazipata wapi. Akasema hata tisa haipatikani, labda mnunuzi awe ameshikwa na mapenzi.

Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa. Basi tatizo si bei. Tatizo ni kumpata aliyeshikwa. Nimefuta thelathini kwenye tangazo, nimeandika "bei maelewano". Kizuri chajiuza.

Jumapili, 10 Machi

Amekuja! Mwalimu wa udereva, mstaafu, kofia mkononi. Kabla hajagusa mlango alimwomba Mama ruhusa. Akakaa, akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mtihani. Alipotoka alisema alifundishia gari la aina hii miaka mingi. Marehemu mkewe alikuwa mwanafunzi wake humo humo, akafeli mara tatu, na hadi leo anaamini alifeli makusudi. Mama akacheka. Sikumbuki lini nimemsikia akicheka vile tangu Baba aondoke.

Akatoa bei bila kuulizwa. Tisa. Akasema ndiyo akiba yake, na kidogo ataikopa kwa mwanawe.

Dada alinikanyaga mguu, maana yake kubali. Ningekubali leo, sasa hivi ningekuwa nimelala. Lakini niliona macho ya yule mzee. Mtu wa namna ile haachi gari kwa ajili ya milioni mbili tatu. Nikasema samahani Mwalimu, yupo mteja mwingine, anakuja Jumatano.

Mteja mwingine hayupo. Lazima apatikane.

Jumatatu, 11 Machi

Amepatikana. Kijiko, rafiki yangu wa tangu shule ya msingi. Anaitwa hivyo kwa sababu hakuna sufuria asiyoichungulia. Tumekodi suti. Kazi yake ni moja: aseme kumi na mbili, Mwalimu apande hadi kumi na moja na nusu, Kijiko akune kichwa, ajitoe. Nimemfanyisha mazoezi mara nyingi. Kila mara anauliza kama kutakuwa na chakula.

Jumatano, 13 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi, aibu haina haja ya maelezo.

Kijiko alifika kwenye suti, miwani ya jua, anatembea kama mbunge. Hata Dada alimpa kiti. Mama, aliyekuwa barazani, aliinamisha kichwa kusikiliza, akamwuliza mgeni kama amekula. Kijiko akasema bado.

Akataja kumi na mbili. Vizuri. Mwalimu akafikiri sana, akasema kumi, atauza na pikipiki yake. Nikamkonyeza Kijiko: sasa jitoe. Yeye akaelewa nampongeza. Akasema kumi na tano. Nikakohoa. Akasema kumi na nane, taslimu.

Mwalimu akasimama. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Akampa Kijiko mkono, akasema mwenye nguvu apishwe. Akamwelekeza kwamba gari hili halipendi kukanyagwa mafuta asubuhi, kwanza uliache lipumue. Kisha akatoa kitu kwenye mfuko wa karatasi: kifuniko cha ringi, kile kilichopungua. Alikitafuta kwenye maduka ya vipuri tangu Jumapili. Akasema kitamfaa mwenye gari, akamwachia. Akaondoka kwa miguu.

Nimebaki na ofa ya milioni kumi na nane kutoka kwa mtu aliyeniomba nauli ya kurudi kwao.

Alhamisi, 14 Machi

Dada anauliza yule bwana mkubwa analipa lini. Nikasema benki ina foleni.

Nimekipachika kile kifuniko, Kijiko alikiacha kwenye kiti. Kimeingia bila hata kukigonga. Nimekaa kwenye kigunia cha nyuma muda mrefu. Humo ndimo nilimokuwa nalala tukitoka safarini, na Baba alikuwa anapunguza mwendo kwenye mashimo ili nisiamke. Nilikuwa macho mara nyingi. Sikumwambia kamwe, ili aendelee kupunguza.

Jumamosi, 16 Machi

Nimempigia Mwalimu. Mtu mwenye akili hamwonyeshi mnunuzi mikono mitupu. Ningesema mwenzake amejitoa, angeuliza kwa nini, angedhani gari lina kasoro, angerudi kwenye tisa. Nilitaka sababu isiyomwaibisha Bi Mdogo.

Ikanitoka mdomoni kwamba yule bwana amefariki. Presha. Ghafla.

Nikadhani simu imekatika. Kisha Mwalimu akasema mtu mpole kama yule, na suti nzuri vile. Akauliza maziko lini. Nikasema tumekwisha kuzika, mbali. Nikarudi kwenye gari taratibu, nikasema lipo, kumi ileile. Akaniambia kwa upole kwamba si utu kuzungumza biashara juu ya kaburi bichi. Tuache msiba upite.

Hilo sikulipangia. Upasuaji ni Jumatano ya wiki ya mwisho ya mwezi. Msiba unapita lini, wakati hata haujaanza?

Jumanne, 19 Machi

Njia ya mwongo ni fupi. Dada amenirudishia methali hiyo mara nne leo.

Jioni Mwalimu alikuja na wazee wenzake wawili, madereva wastaafu, wote na mashati yaliyopigwa pasi. Wamekuja kutoa pole. Wamechanga, bahasha hii hapa, niifikishe kwa mjane kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua familia. Mama yupo kwenye kiti chake. Dada ameshika sinia la chai, ananitazama. Nikaanza kusema marehemu hakuwa na mke.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Kijiko, amevaa suti, sahani mkononi. Alikuwa amekuja kudai pesa ya kurudishia suti, mwenye suti amemjia juu, na njiani akapitia jikoni kama kawaida yake.

Mwalimu alivaa kofia, akaivua. Mwishowe akamwambia Kijiko pole na safari. Kijiko, asiyejua lolote kuhusu kifo chake, akawapa mkono wazee mmoja mmoja, akauliza nani amefariki.

Nilitaka sakafu inimeze. Lakini la Mama ndilo lililonimaliza. Alisema yeye alimjua Kijiko tangu siku ya kwanza pale barazani. Suti iliwadanganya wenye macho, lakini sauti ile imekuwa ikimwomba ukoko jikoni kwake tangu inavaa kaptula. Hakunifichua, akasema, kwa kuwa alikuwa ananisubiri niache mwenyewe.

Ananisubiri. Siku zote hizo.

Kisha akawaomba wazee wakae, akauza gari. Alisema bei ni nane. Mwalimu akasema yeye siku ya kwanza alitamka tisa na havunji kauli yake. Mama akasema tisa ilikuwa kabla ya uongo, nyumba hii lazima ilipe faini. Mwalimu akapanda, Mama akashuka, wakavutana kinyumenyume hadi chai ikapoa, na nani angeamini kwamba ni biashara. Wakakutana nane na nusu. Mwalimu akaongeza sharti lake: siku ya hospitali, atampeleka Mama yeye mwenyewe, ndani ya Bi Mdogo. Bahasha ya rambirambi wakaiacha kwa Kijiko, alipe suti.

Jumatano, 20 Machi

Bi Mdogo ameondoka. Nilitarajia angalau akatae kuwaka. Huyu ameniaibisha asubuhi ngapi mbele ya majirani? Leo mkononi mwa Mwalimu amewaka mara moja, hata kukohoa hakukohoa.

Nilijiambia nitabaki ndani. Nilipomsikia anashika gia nilitoka mbio hadi getini. Nikapunga mkono. Mwalimu hakuniona, alikuwa anatazama barabara, kama anavyofundisha. Majuto ni mjukuu. Wa kwangu amekwisha kuzaliwa na anatembea.

Jumapili, 31 Machi

Mama amefunguliwa bandeji. Jicho moja linaona. Kitu cha kwanza alichosema kwangu ni kwamba nimezeeka, nimekuwa Baba mtupu, kasoro akili. Cha pili, akasema polepole, Dada asisikie, kwamba siku ile gari linaondoka alisikia ndala zangu zikikimbia hadi getini, zikasimama, zikakaa sana kabla ya kurudi. Akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo kwamba sitaki liuzwe.

Nilikuwa sijui. Nilidhani nataka thelathini.

Jumatatu, 1 Aprili

Asubuhi nimetazama doa la mafuta pale alipokuwa akilala Bi Mdogo. Mama ameniambia neno la maana jana, na mtoto mwema hasikii kisha akakaa tu. Nimeamua. Atarudi nyumbani.

Pesa sina, lakini bei ni kitu cha kushushwa. Kijiko ana binamu mwenye ndevu, Mwalimu hajawahi kumwona. Atapita kwake kama mtaalamu wa magari ya kale, atainama chini ya boneti, atanusa, atatikisa kichwa, ataondoka bila kusema neno. Wiki ijayo atarudi kutikisa tena. Mzee mwenyewe atanipigia. Suti tumekwisha kuikodi.

Barua ya kununua nimeiandika tayari: "Natafuta gari la kale, lililochoka. Injini inayokohoa si tatizo. Viti vya gunia, sawa." Kuhusu bei nimekuwa mkweli, nimepiga hesabu ya kutu, ya gunia, ya umri. Milioni tatu. Anayetaka zaidi ya hapo kwa chuma kile ana tamaa.