Shauri la Sufuria ya Kabichi

Wizara ilitangaza kwa vipaza sauti, na kwa bango lililoziba dirisha la choo cha wageni, kwamba taifa limeingia rasmi katika Zama za Mboga Zenye Tija. Kurugenzi ya Uimarishaji wa Faida za Mboga Zilizopikwa ikapewa ghorofa nzima, makatibu saba, na Mkurugenzi ambaye tumbo lake lilifika vikaoni kabla yake. Mboga zenyewe hazikupewa kitu.

Bi Epua, mpishi wa wizara, alilisikia tangazo hilo akikoroga kabichi. Jina alibandikwa na wenzake kwa kuwa hakuvumilia kuona chakula kikiungulia motoni. Lakini waraka wa wizara uliamuru kabichi ichemshwe saa mbili kamili, na mpishi ni nani abishane na waraka? Kabichi ilitoka imelegea kama tambara la deki. Watu waliila kwa macho, kisha wakairudisha.

Binamu yake, nesi wa zahanati, ndiye aliyemfumbua macho.

"Dada, ikichemka hivyo faida zake nyingi zinapotea. Ukishaepua, nyunyizia haradali ya unga. Usiipike. Itairudishia nguvu."

Bi Epua akanyunyizia. Akakamulia na ndimu, akatupia pilipili manga kidogo. Haikupita wiki, sahani zikawa zinarudi jikoni zimelambwa.

Habari zikapanda ghorofani. Mkurugenzi alikasirika, na haki alikuwa nayo: faida za mboga zilikuwa zimeongezeka kabla kurugenzi haijakaa kikao hata kimoja.

"Nani kakuruhusu?" alimuuliza, kasimama katikati ya jiko.

"Ulimi, mheshimiwa."

"Ulimi si mamlaka husika!"

Kesho yake ikaja barua: ameshtakiwa kwa kutia kiungo katika mboga ya umma bila kibali. Akipatikana na hatia, kazi basi. Bi Epua aliisoma mara tatu. Miaka kumi na tisa ya moshi, na mama mgonjwa nyumbani anayemtegemea, vyote viende kwa kijiko cha haradali?

Kamati ya watu watano, Mkurugenzi akiwa mwenyekiti, ilianza saa nne asubuhi kwa kufafanua neno "kunyunyizia". Mjumbe mmoja alishikilia kuwa ni kitendo cha vidole vitatu. Mwingine akasema hapana, ni vidole viwili na nia. Saa nane bado walikuwa kwenye kidole cha tatu, na njaa haina cheo.

"Kielelezo kiletwe!" akaamuru Mkurugenzi.

Sufuria ikaletwa, mvuke ukijaa chumba. Mkurugenzi akaonja ili kuthibitisha kama kiungo kimo. Hakuridhika, akaonja tena. Wajumbe nao, kwa maslahi ya haki, wakasogeza viti. Mwishowe mwenyekiti alikuwa anapangusa kitako cha sufuria kwa kipande cha mkate.

"Haya, mtuhumiwa," akasema huku akicheua. "Una la kujitetea?"

"Kielelezo kiko wapi, mheshimiwa?"

Wajumbe wakachungulia sufuria tupu. Karani wa kamati, mama mmoja mkavu asiyecheka na mtu, akafunua kanuni.

"Kifungu cha nne," akasoma. "Atakayekula mboga yenye kiungo kisicho na kibali atakuwa ametenda kosa lilelile, kwa adhabu ileile. Saini ni yako, mheshimiwa. Niandike mmekula?"

"Andika tumeonja!"

"Sufuria nzima?"

Jasho likamtoka Mkurugenzi. "Basi mpeni kibali, sasa hivi, kianzie mwezi uliopita!"

"Kibali hutolewa na mtaalamu wa viungo aliyethibitishwa," akasema karani. "Kwenye kurugenzi hatuna hata mmoja."

Macho kumi yakamgeukia mpishi. Ndani ya dakika tano, kwa kura zote, Bi Epua alithibitishwa kuwa Mtaalamu Mkuu wa Viungo wa Taifa, na Mkurugenzi akawa mwombaji wake wa kwanza wa kibali. Akaomba kanuni, akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari kwa mstari.

"Hapa wameandika mwombaji kibali lazima kwanza apate mafunzo ya jikoni, siku thelathini."

"Hilo ni la watu wa chini," akasema Mkurugenzi.

"Sijaona walipoandika hivyo, kaka."

Jumatatu, Mkurugenzi alikuwa amekalia ndoo, aproni haimfungi, akimenya vitunguu saumu. Akamaliza beseni la kwanza, akainua uso.

"Bi Mtaalamu, ombi langu umelishughulikia?"

"Linashughulikiwa," akajibu Bi Epua, akamsogezea gunia. "Pita kesho."