Kipande cha Saba na Chai ya Tangawizi

Jumatatu, 13 Machi 2000
Nimepoteza kipande cha saba. Jana, saa tisa alasiri, kwenye ukuta wa mazoezi hapa Plano. Jumamosi tunapanda jabali la mawe ya chokaa kule Meksiko: mita 210, vipande saba vya urefu wa kamba, kila kimoja na mtu wa kutangulia. Jepchirchir, mwalimu wetu, anatangulia sita. Cha mwisho, chenye picha ya kileleni, aliniahidi mimi. Sasa kapewa Onyancha, nesi wa Missouri City, aliyeanza mazoezi wiki tisa baada yangu. Eti nina kilo 94. Nikamwambia Jepchirchir kamba inabeba tani mbili. Akasema kamba haina neno, kiuno chake cha kunishikilia nikianguka ndicho chenye maneno.

Alhamisi, 16 Machi
Mpango umeiva. Nabeba thermos ya chai ya maziwa na tangawizi, lita mbili na robo. Vikombe tisa. Onyancha hajawahi kukataa chai. Ukiwa umefungwa ile mikanda ya kiunoni na mapajani, kibofu kikijaa hupandi hata ngazi. Ataniachia mwenyewe.

Jumamosi, 18 Machi
Juu ya kipande cha sita kuna kibaraza chembamba kama benchi la kanisa. Upepo mwanana, tai wanazunguka chini yetu. Nikamimina. Jepchirchir alikunywa kimoja, basi. Kikombe chenyewe ni kile kifuniko cha thermos, na Onyancha alilelewa vizuri mno: hawezi kunywa mwenye chai akimtazama. Kila akimaliza ananirudishia. “Sasa wewe, mzee wangu.” Vinne kwake, vinne kwangu. Lazima nikiri ilikuwa tamu.

Saa saba na nusu nikaanza kusokota miguu. Yeye anapiga mluzi. Nikamuuliza kama yuko sawa. Akasema wodini kwao zamu ni masaa kumi na mawili, wagonjwa kumi na mmoja, na choo anakiona akifika nyumbani.

Onyancha alitumia dakika kumi na nane kupanda kipande cha saba. Nilizihesabu zote. Mimi nikafuata kwa dakika sita, nikampita kileleni bila kusimama.

Jumanne, 21 Machi
Picha zimesafishwa. Onyancha na Jepchirchir wanacheka. Nyuma yao, kichakani, mgongo wangu.

Lakini dakika sita! Kwa kilo 94! Sijalala vizuri hivi tangu mwaka uanze. Na kosa nimeliona: kikombe kilikuwa kimoja. Safari ya Novemba nabeba viwili, na thermos ya lita nne.

Nimemwachia Jepchirchir ujumbe kwenye mashine ya simu. Kipande cha saba cha Novemba ni changu, ndiyo au hapana? Hadithi sitaki. Jibu liwe limefika kesho, kabla ya saa kumi na mbili jioni.