Kamba Ndani ya Studio

Jumatatu, 10 Februari 2025. Chovai

Haya, daftari langu Sikio Tamu, sogea! Nina studio! Intafesi imefika kutoka Kismayo, kisanduku chekundu cha kuingizia sauti, kimefichwa ndani ya gunia la mchele. Nikachomeka maiki, nikaunganisha na laptopu, nikavaa hedifoni. Kifundo cha sauti nikakizungusha hadi mwisho. Subhanallah! Nikasikia kaa anatembea juu ya makuti. Paka wa jirani anajilamba. Bahari nzima ikaingia kwenye skrini, mistari ya kijani inapanda, inashuka. Sijui nilikaa muda gani. Mama kaniuliza kama nina homa.

Mpango: Sumeya, binti ami yangu, anaolewa Jumamosi. Anataka kitu kimoja tu, wimbo wa kuvutia mashua kwa kamba ambao marehemu babake alikuwa akiuongoza. Siku hizi anaujua wote ami Shee peke yake. Nitaurekodi mimi. Jirani yetu Ilyas naye kajitolea kurekodi, kwa simu. Simu! Tena kioo kimepasuka!

Jumanne, 11 Februari

Nimeziba chumba kwa magodoro manne na mazulia ya Mama. Ami Shee kaikodolea maiki macho. Kasema mchu, yaani mtu, haimbi mikono mitupu, wimbo uko kwenye kamba. Nikamwambia afumbe macho, aiwaze hiyo kamba. Akafumba. Akalala. Nina dakika kumi na tisa za mkoromo, safi kabisa. Nimeutia mwangwi, kama nyangumi anaota. Mzuri mno!

Sumeya kasikiliza, kacheka, halafu machozi yakamjaa. Kasema alikuwa na miaka saba babake alipofariki, na maneno ya ule wimbo yamembakia mawili tu. Nimeapa ataupata.

Alhamisi, 13 Februari

Akili imekuja! Wanataka kamba? Kamba hii hapa! Ncha moja nimeifunga kwenye nguzo ya katikati ya studio, nyingine wameshika wanaume wanane, na ami Shee mbele yao. Ilyas kauliza kutoka mlangoni, waryaa, we bwana, hiyo nguzo imeshikilia nini? Nikamwambia mambo ya studio hayajui, akasimame nje na simu yake.

Ami Shee akatoa wimbo, wanane wakapokea, wakavuta. Nywele zilinisimama! Nikafumba macho, nikaelea, juu, juu... Nilipofumbua, paa lilikuwa linashuka taratibu kama shuka. Wao bado wanavuta! Ami Shee kasema baadaye, wimbo haukatwi katikati, ukiukata mashua inarudi nyuma. Ubeti wa mwisho wameumalizia ufukweni, na nguzo yangu nyuma yao.

Magodoro yameniokoa. Laptopu nzima. Nikafungua rekodi: mistari nyekundu tupu! Kifundo cha sauti sikukirudisha chini tangu siku ya kaa. Wanaume tisa wanasikika kama samaki kwenye mafuta ya moto.

Jumamosi, 15 Februari

Arusi. Ilyas, kule nje, kaunasa wimbo wote. Na paa. Na mimi nikiita mamangu. Wameupiga kwenye spika, Sumeya kashika mkono wa mamake, analia, anatabasamu. Wageni wameomba urudiwe, hasa pale penye paa. Mama hanisemeshi, ila kuuliza mazulia.

Nimekaa nyuma ya masufuria ya pilau, nikawaza sana. Kosa nimeliona: nguzo! Ilikuwa nyembamba. Nyumba ya mama mkubwa Mwanalima ni ya mawe, nguzo zake hazikumbatiki, na Jumatatu anasafiri Kismayo. Wanaume kumi na sita. Kamba mbili. Wewe ungekuwa mimi, ungezifunga zote kwenye nguzo moja, au moja ungeifunga mlangoni?